Je, Wajua? Msoma Saikolojia Amerudi Kivukoni

Mpwa wangu yuko mwaka wa pili chuoni, anasoma saikolojia. Alipokuja likizo, kijana wa bodaboda aliyempakia kutoka stendi ya Ifakara alimchungulia kwenye kioo cha pembeni, akamchokoza: "Dada, eti sasa hivi mimi nawaza nini?" Binti akajibu: "Unawaza kama nitakuongezea jero." Kijana alicheka mpaka pikipiki ikayumba. Jibu lilikuwa sahihi, ila hiyo haikuwa saikolojia. Hiyo ni kuzaliwa Kivukoni.

Jioni ile, chini ya mwembe, nilianza kumdodosa, naye akaanza kunijaza. Mengine nimeyatafuta mwenyewe baadaye. Nayamwaga hapa kama yalivyokuja.

Je, wajua kwamba katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kile cha Dodoma, shahada ya kwanza ya saikolojia huitwa Shahada ya Elimu katika Saikolojia? Ndiyo, elimu kwanza. Mlango wa kuingilia ni wa ualimu. Mzazi anayedhani mwanawe atatoka chuoni na koti jeupe ajiandae kumwona akienda kufundisha kwa vitendo, chaki mkononi.

Je, wajua kwamba anayetaka kukaa na wagonjwa hulazimika kuendelea? Muhimbili, kwa mfano, hutoa shahada ya uzamili ya saikolojia tiba. Na hata akiimaliza hiyo, hataandika dawa. Dawa huandikwa na daktari wa magonjwa ya akili, ambaye alianza na udaktari wa kawaida, kupasua maiti na yote yale, kisha akabobea. Watu wawili tofauti, safari mbili tofauti. Hapa kwetu wote tunawaita "daktari wa vichaa", na wote wawili hawapendi.

Je, wajua kwamba kwa kanuni ya jumla ya Tume ya Vyuo Vikuu, mhitimu wa kidato cha sita huhitaji prinsipali mbili zenye jumla ya pointi 4 kuingia shahada ya kwanza? A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa hesabu hiyo D mbili zinatosha. Kwenye karatasi. Kozi nyingi huweka masharti yake juu ya hayo, na foleni ni ndefu.

Je, wajua kwamba kuna Kivukoni mbili zinazochanganya watu? Ukisema "nimesoma Kivukoni", mzee wa Dar es Salaam atakudhania kada: Chuo cha Kivukoni kilianzishwa na TANU mwaka 1961 kwa ajili ya kunoa viongozi, na leo ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Mwaka huohuo wa 1961 ndipo chuo kikuu chetu cha kwanza kilipofungua milango, kikiwa na wanafunzi 14, wote wa sheria, mmoja wao mwanamke, Julie Manning. Saikolojia ilikuwa bado haijapata kiti. Kivukoni yetu haikunoa kada yeyote. Ilivusha watu, magunia ya mpunga na ng'ombe kwenda ng'ambo ya Mto Kilombero, na kuwarudisha.

Je, wajua kwamba daraja lililotuondolea kivuko, Daraja la Magufuli, lina urefu wa mita 384, na kwamba kuna jaribio maarufu la saikolojia lililofanyiwa darajani? Mwaka 1974 Donald Dutton na Arthur Aron walichapisha kisa cha daraja la mbao na nyaya la Capilano, karibu na Vancouver, Kanada, linaloning'inia juu ya korongo refu na kuyumba kila ukikanyaga. Mtafiti wa kike aliwasimamisha vijana wa kiume waliokuwa wakivuka, akawauliza maswali, kisha akawapa namba ya simu wakitaka kujua zaidi. Kati ya 18 waliopokea namba kwenye daraja la kuyumba, 9 walipiga. Kwenye daraja imara la karibu, waliopokea walikuwa 16, waliopiga 2 tu. Watafiti wakasema: moyo uliokuwa ukidunda kwa hofu, mwenyewe aliudhania unadunda kwa mapenzi. Wapo waliolibishia jaribio hilo tangu hapo. Mpwa wangu anasema daraja letu ni zege tupu na halitikisiki, kwa hiyo waliopata wachumba wakati wa kivuko walibahatika. Maji yakiwa yamejaa mwezi wa nne, mtu alikuwa anampenda yeyote aliyesimama karibu naye.

Je, wajua kwamba moja ya majaribio ya kwanza kabisa ya saikolojia ya jamii lilitokana na baiskeli? Hili Ifakara litaeleweka bila mkalimani. Mji wetu ni tambarare, na baiskeli hapa ni miguu ya pili. Mwaka 1898 Mmarekani Norman Triplett alipitia rekodi za mashindano ya baiskeli, akaona kwamba mtu akiendesha na wenzake huenda kasi kuliko akiwa peke yake. Ili kulichunguza zaidi akawachukua watoto 40 na kuwapa roda za kuvutia uzi wa ndoana, wazizungushe wakiwa peke yao, kisha wawili wawili. Baiskeli na ndoana! Angekuja Kivukoni asingehitaji kununua kifaa hata kimoja.

Je, wajua kinachowatoa machozi wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza? Takwimu. Binti aliyekimbia hesabu kidato cha nne anajikuta chuoni uso kwa uso na wastani, mkengeuko, na majedwali yasiyokwisha. Lakini hapa pana jambo ambalo mkulima wa mpunga wa bonde hili anapaswa kulidai kama mali yake. Hesabu ambazo wanasaikolojia hutumia kulinganisha makundi mengi kwa wakati mmoja zilizaliwa shambani. Ronald Fisher alikuwa akifanya kazi Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, na mwaka 1923 yeye na mwenzake walichapisha uchambuzi wa vishamba vya viazi: aina mbalimbali za viazi, mbolea tofauti, na swali moja, je, tofauti ya mavuno imeletwa na mbolea au na bahati tu? Swali lilelile wanalouliza watafiti wa mpunga kwenye kituo chetu cha utafiti wa kilimo cha Ifakara, ambacho wengi bado wanakiita KATRIN, wanapogawa jaruba vipande vipande na kupanda mbegu tofauti. Mpwa wangu alitembea kandokando ya majaruba ya namna hiyo miaka yote ya shule. Hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa akipita katikati ya somo lake la mwaka wa kwanza.

Na kipimo cha kulinganisha makundi mawili? Hicho kilitoka kiwandani mwa bia. William Gosset alikuwa mwajiriwa wa Guinness kule Dublin. Mwaka 1908 alikichapisha bila jina lake, akajiita "Mwanafunzi". Ndilo jina ambalo kipimo kinalo hadi leo.

Je, wajua kwamba maabara ya kwanza ya saikolojia, ile ya Wilhelm Wundt, ilifunguliwa Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879? Unguja alikuwa anatawala Seyyid Barghash. Elimu yenyewe bado changa.

Je, wajua kwamba nadharia inayofundishwa dunia nzima kuhusu mtoto na mama yake ilianza kupata ushahidi wake huku kwetu Afrika Mashariki? Hapa naomba tukae kidogo.

Mwaka 1954 Mary Ainsworth alifika Kampala akimfuata mumewe, aliyekuwa amepata kazi kwenye taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki. Yeye mwenyewe hakuwa ameandaliwa kazi maalumu. Akaamua kwenda vijijini, nje kidogo ya mji, akiwa na mkalimani, kukaa na akina mama wa Kiganda. Familia zilikuwa 26, watoto wachanga 28. Alikuwa akiwatembelea kila baada ya wiki mbili hivi, saa mbili za kuzungumza na kutazama: mtoto analia lini, nani akimbeba ananyamaza, anatambaa kumfuata nani, akienda mbali anageuka kumtazama nani. Baadaye aliwagawa: 16 walikuwa wametulia katika uhusiano na mama, 7 walikuwa na wasiwasi, 5 walikuwa bado hawajaonyesha kumng'ang'ania mtu. Akaona kwamba mama aliyeweza kumweleza mwanawe kwa undani, anachopenda na anachochukia, mara nyingi ndiye mwenye mtoto aliyetulia. Kitabu kilitoka mwaka 1967. Utafiti wake wa Baltimore, Marekani, ambao ndio unaojaza kurasa za vitabu vya chuo, ulikuja baada ya huo wa Uganda.

Nilimwuliza mpwa wangu kama mwalimu wao aliwafundisha sehemu ya Uganda. Alisema aliitaja kwa sentensi moja, akaenda Baltimore. Mimi ningekaa Uganda muhula mzima. Maana hapa bondeni tuna swali lililo wazi kabisa: msimu wa kulima, wazazi wengi huhamia shamba, wanakaa huko miezi kwenye kibanda katikati ya mpunga, na watoto wa shule hubaki mjini na bibi, au na dada aliye darasa la sita. Mtoto wa namna hiyo hutulia kwa nani? Kwa wote, nadhani. Ila kudhani kwangu hakutampa mtu alama.

Je, wajua kwamba mwaka 2008 Jeffrey Arnett alihesabu watu waliochunguzwa katika majarida sita makubwa ya saikolojia ya Marekani, akakuta asilimia 96 ni watu wa nchi za viwanda za Magharibi, na asilimia 68 ni Wamarekani? Wamarekani hawafiki asilimia 5 ya watu wa dunia. Ukisoma kitabuni "binadamu hufanya hivi", uliza binadamu yupi.

Je, wajua kwamba Waluo wa Kenya hawana neno moja la akili bali wana manne? Watafiti akina Elena Grigorenko na Robert Sternberg waliyaandika mwaka 2001: rieko, luoro, paro, winjo. La kwanza linakaribiana na maarifa na uwezo wa kichwa. La pili ni heshima na kujali wengine. La tatu ni kuwaza na kuanzisha jambo, la nne ni kusikia na kuelewa. Alama za shuleni zilikwenda sambamba na rieko, siyo na mengine. Katika utafiti mwingine, huko Usenge, kando ya ziwa, watoto waliojua sana dawa za mitishamba walielekea kupata alama ndogo kwenye mitihani ya msamiati wa shuleni. Si kwamba walikuwa wajinga. Kila mtoto ana saa zake za mchana, na kuna nyumba ambazo saa hizo zimewekezwa porini, siyo daftarini.

Sternberg na wenzake walikwenda pia shule za vijijini karibu na Bagamoyo. Wakawapima watoto, wakawafundisha kwa muda mfupi, chini ya saa moja, wakawapima tena. Alama zilipanda. Yaani kipimo cha kwanza kilikuwa kinapima ugeni wa kipimo. Mwenye mtoto aliyeitwa "mzito" na mwalimu alikate hili alibandike ukutani.

Je, wajua kwamba kati ya Wahadzabe 33 waliovalishwa vifaa vya kupima usingizi kwa siku 20, muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu? Dakika 18 kwa siku zote hizo, ukizijumlisha. Utafiti ulitoka mwaka 2017, na watafiti wakasema huenda usingizi wa binadamu umetofautiana ili pasikose mtu wa kulinda. Aliyewahi kulala dunguni akilinda mpunga dhidi ya nguruwe na viboko hahitaji kushawishiwa: babu alikuwa macho alfajiri, kijana usiku wa manane, na hakuna aliyewapangia zamu. Kwenye hosteli, watu sita chumba kimoja, hali ni ileile, ila hakuna kiboko.

Je, wajua kwamba safari ya kwenda kwenye moja ya habari muhimu zaidi za ubongo zilizowahi kuandikwa Tanzania hupitia hapahapa Kivukoni? Vuka mto, pita Lupiro, panda milima hadi Mahenge.

Huko, mwishoni mwa miaka ya 1950, alifika daktari kijana kutoka Norway, Louise Jilek-Aall. Alikuta kati ya Wapogoro wagonjwa wa kifafa wengi kuliko ilivyotarajiwa. Wengine walikuwa na makovu ya moto, kwa sababu waliangukia jikoni wakati wa kifafa na watu wakaogopa kuwagusa. Iliaminika mate ya mgonjwa huambukiza. Walikula peke yao, walilala pembeni, na wengine walifichwa. Akaanzisha kliniki. Dawa zilikuwa vidonge vya bei nafuu, na wengi wakapata nafuu kubwa. Lakini kazi ngumu haikuwa kidonge. Kazi ngumu ilikuwa kumrudisha mtu kwenye chungu cha pamoja: kumshawishi shangazi kwamba anaweza kumshika mgonjwa akianguka na asipatwe na kitu. Kidonge kinazuia kifafa. Hakizuii watu kuhamisha mkeka. Hapo ndipo saikolojia inapoanza kazi, na ndiyo sababu kisa hiki nakipenda kuliko majaribio yote ya daraja.

Jilek-Aall aliandika pia juu ya watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa kwa kurudiarudia, kama mtu anayesinzia. Wenyeji walikuwa na jina tayari: amesinzia kichwa. Chapisho lake la mwaka 1965 kuhusu kifafa cha Wapogoro lilikaa miaka mingi bila kelele, mpaka ugonjwa unaofanana na huo ulipozuka Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda na dunia ikageuka kutafuta nani aliwahi kuuona. Watafiti wengi leo wanauhusisha na usubi, ugonjwa unaoenezwa na vijinzi wa mito ya maji ya kasi, ingawa namna hasa unavyofika kwenye ubongo bado inachunguzwa. Yeye mwenyewe alikwenda kubobea katika magonjwa ya akili huko Kanada, akafundisha Vancouver. Ndiyo, mji ulio karibu na lile daraja la kuyumba. 

Mpwa wangu ni Mpogoro kwa upande wa mama. Hakuwahi kusikia jina la Jilek-Aall darasani.

Je, wajua "malaria ya uongo"? Katika miaka ya 1990 wanaanthropolojia Susanna Hausmann Muela na Joan Muela Ribera walifanya utafiti Ifakara. Walitarajia labda kukuta watu wawili, mmoja anaamini hospitali, mwingine anaamini mganga. Walichokikuta ni ustadi: mtu yuleyule anaamini vyote, na havigongani. Mbu huleta malaria, sawa. Lakini mchawi anaweza kukutengenezea homa inayofanana na malaria, au kuvificha vimelea visionekane kwenye darubini. Ndiyo maana ukipima unaambiwa huna kitu, na ukimeza dawa huponi. Basi unaenda kwa mganga akaondoe kizuizi, kisha unarudi hospitali, na sasa dawa inafanya kazi. Mhadhiri anaweza kuliita jambo hili jina refu la kigeni. Mimi naona ni watu waliopewa majibu ya maabara yasiyoeleza kwa nini mtoto bado anaungua, wakajaza pengo kwa walichokuwa nacho.

Je, wajua kwamba chandarua kilikuwa somo la saikolojia kabla hakijawa kitu cha kugawiwa bure? Kati ya mwaka 1996 na 2000, mradi wa KINET uliuza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Kwanza waliwauliza wanunuzi wanataka nini, ndipo wakatoa jina: Zuia Mbu. Jina la Kiswahili, maneno mawili, amri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba nafasi ya mtoto mdogo kuishi iliongezeka kwa asilimia 27 kwa kutumia vyandarua hivyo. Ikafuata Hati Punguzo, vocha ya taifa ya vyandarua, iliyoanza mwaka 2004. Swali la kwa nini mtu anayejua habari ya mbu bado analala nje ya neti linawatesa wanasaikolojia wa afya mpaka leo. Usiku wa joto la Februari, mimi nalijibu kwa kupiga kofi shavuni.

Je, wajua kwamba Kiswahili hakitofautishi sana kufikiri na kuumia? Wazo ni wazo. Lakini "ana mawazo" maana yake ana majonzi, hali, halali. Kwa Kishona wana neno kama hilo, kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, na neno hilo ndilo lililobeba kazi ya Benchi la Urafiki huko Harare: mwaka 2006 Dixon Chibanda aliwafunza bibi 14 wa mtaa wa Mbare kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kusikiliza watu. Jaribio la mwaka 2016 lilionyesha waliokaa na wasikilizaji wa benchi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Upande wetu, Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walifanya kazi ya kujua mwanamke wa Dar es Salaam anaisemaje huzuni yake, ili dodoso lisimwulize kwa maneno ya Boston. Vitabuni tuna "sonona", neno zuri. Sijamsikia mtu yeyote sokoni Ifakara akisema ana sonona. Wanasema moyo mzito, kichwa kimejaa, presha.

Na angalia maneno yenyewe: nafsi, roho na akili tumeyapata kwa Kiarabu, moyo na utu ni ya Kibantu tangu zamani, saikolojia ni Kigiriki kilichopitia Uingereza. Mtihani unafanywa kwa Kiingereza. Mpwa wangu anaulizwa habari za moyo kwa lugha ambayo hajawahi kulilia.

Je, wajua kwamba desa, yaani notisi za kupeana, lina nguvu ndogo kuliko wanavyodhani? Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha kwamba sehemu kubwa ya alichokariri inapotea ndani ya siku moja. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi habari ya kusoma. Kundi moja lilisoma mara nne. Jingine lilisoma mara moja, likafunga karatasi, likajaribu kukumbuka mara tatu. Baada ya wiki moja, waliosomasoma walikumbuka asilimia 40, waliojipima asilimia 61. Kwa hiyo kusoma desa lilelile mpaka kurasa zinalainika ni kujifariji. Funga, jiulize, fungua. Anayesubiri bumu, yaani fedha za mkopo, liingie ndipo anunue taa ya kusomea atakutana na sapu, mtihani wa marudio, na akizubaa, disko, kufukuzwa chuo.

Je, wajua kwamba Bluma Zeigarnik, mwanafunzi huko Berlin, alidai mwaka 1927 kwamba tunakumbuka kazi iliyokatishwa kuliko iliyokamilika? Inasemwa wazo lilianzia kwa wahudumu wa mgahawa. Majaribio ya baadaye hayakukubaliana vizuri. Mama ntilie wa hapa darajani hahitaji jaribio: anakumbuka sahani ya wali samaki ya deni tangu mfungo, na siku ukilipa hakumbuki hata jina lako.

Je, wajua kwamba hospitali ya Mirembe, Dodoma, imekuwepo tangu mwaka 1927? Au kwamba Lutindi, milima ya Usambara, ilianza kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani kabla ya kupokea wagonjwa wa akili? Yote mawili yanastahili safu yake.

La mwisho. Je, wajua kwamba huenda hakuna watu Tanzania waliozoea kuulizwa maswali kuliko sisi? Uswisi ilifungua maabara yake hapa mwaka 1957, kazi ya Rudolf Geigy wa Basel. Ndiyo iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Na tangu mwaka 1996 kumekuwa na ufuatiliaji wa kaya: nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama, raundi tatu kwa mwaka, mlango kwa mlango, katika vijiji vya Kilombero na Ulanga. Kuna watoto waliohesabiwa kabla ya kupewa jina, na leo wana watoto wao wanaohesabiwa.

Mpwa wangu alikuwa na kazi ya muhula: dodoso dogo, maswali kumi na mbili, lazima mhojiwa atoe ridhaa kwanza. Akaketi mbele ya bibi yake, yaani mama yangu, akasoma maelezo yote polepole: kwamba ni hiari, kwamba unaweza kuacha wakati wowote, kwamba jina lako halitaandikwa. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akakunja miguu vizuri kwenye mkeka.

"Haya mjukuu wangu, uliza. Lakini wewe ni wa raundi ya ngapi?"